Tozo ya maegesho mlangoni pako: mwongozo kamili kwa wakazi wa England na Wales

Kampuni binafsi za maegesho huwatoza wakazi wengi mahali ambapo wana haki ya kuegesha: mbele ya gereji yao, kwenye nafasi yenye namba ya fleti yao, au kwenye kipande cha lami mbele ya mlango wao. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa njia moja. Wanaiandikia kampuni kwamba "naishi hapa", wanajibiwa kwamba bango lilitaka kibali kioneshwe kiooni, kisha wanalipa, au wananyamaza mpaka mahakama inatoa hukumu bila wao kujua.

Kusema unaishi pale hakutoshi. Hoja inayobeba kesi ni hii: hati ya nyumba ilikupa haki ya kuegesha kabla kampuni haijasimika bango, na kampuni haina uwezo wa kuibadilisha hati ambayo haikuiandika wala kuisaini. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kupata karatasi, kuisoma, na kuituma kabla ya tarehe kupita.

Mwongozo huu ni wa England na Wales pekee. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo usinakili barua za hapa ukazipeleka Glasgow au Belfast.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika chochote

- Notisi yenyewe, mbele na nyuma, pamoja na bahasha ikiwa imekuja kwa posta.
- Mkataba wako wa nyumba. Mwenye fleti aliyenunua anahitaji mkataba wa pango la muda mrefu, ule wa miaka 99, 125 au zaidi. Mpangaji wa kawaida anahitaji mkataba wake wa upangaji. Mwenye nyumba kamili katika mtaa mpya anahitaji fomu ya uhamisho iitwayo TP1.
- Nakala ya rejista na ramani ya kiwanja kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Kila moja ni pauni 7 kwenye tovuti ya serikali. Tovuti zinazodai pauni 20 au 30 kwa nakala hiyohiyo ni za madalali tu.
- Hati ya gari, V5C, yenye anwani unayoishi sasa.
- Picha za nafasi, za mabango yote, na za njia nzima kuanzia unapoingia.
- Barua zozote za wakala wa jengo kuhusu mpango wa maegesho.
- Daftari au kalenda ya tarehe. Tarehe ndizo zinazoangusha watu wengi zaidi kuliko hoja.

## Hatua ya 1: Jua ni nani anayekudai

Soma kichwa cha karatasi. Ikiandikwa Penalty Charge Notice na ikiwa na jina la halmashauri, hiyo ni faini ya serikali za mitaa. Ina mahakama yake na mwongozo huu hauihusu.

Ikiandikwa Parking Charge Notice, na mtumaji ni kampuni, hilo ni dai la mkataba. Kampuni inadai kwamba dereva aliona bango, akakubali masharti, akayavunja. Hakuna jinai hapo. Vifupisho vya majina yote mawili ni PCN, na rangi na michoro ya karatasi hufanana, ndiyo maana watu huingiwa na hofu ya polisi isiyokuwepo.

Kampuni binafsi hairuhusiwi kulifunga gari lako mnyororo wala kulivuta. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, chini ya kifungu cha 54 cha Protection of Freedoms Act 2012, kufanya hivyo kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Ikitokea, piga simu polisi ukitaja kifungu hicho, na usilipe pesa ya kufunguliwa hapo hapo.

Umefanikiwa ukiwa unalijua jina kamili la kampuni, na umeona kwenye karatasi kama ni mwanachama wa BPA au IPC, vyama viwili vya kampuni za maegesho. Kampuni isiyo mwanachama wa chama kimojawapo hainunui jina lako kwa njia ya kawaida kutoka DVLA, mamlaka ya serikali ya usajili wa magari, ambako kila ombi hulipiwa pauni 2.50.

## Hatua ya 2: Piga picha siku hiyo hiyo

Mabango hubadilishwa. Likiwekwa jipya mwezi ujao, hutakuwa na namna ya kuonesha lilivyokuwa.

Anza mlangoni mwa mtaa, ukitembea kama gari linavyoingia, na piga kila bango kutoka umbali wa dereva, kisha kwa karibu. Rudia usiku kama tozo ilikuwa ya usiku. Piga alama ya namba kwenye nafasi yako, na kama kibali kilikuwa kimeanguka chini ya kioo, kipige kilipo kabla hujakigusa.

Angalia maneno ya bango. Likisema "wenye vibali pekee" na kwamba mwingine yeyote haruhusiwi kabisa, basi halimpi asiye na kibali ofa yoyote ya kuegesha kwa malipo. Pasipo ofa hakuna mkataba, na dai linalobaki ni la kuingia ardhini bila ruhusa, ambalo ni la mwenye ardhi. Iweke hoja hii ya pili, baada ya hati ya nyumba.

## Hatua ya 3: Soma hati, kifungu kwa kifungu

Hapa ndipo kesi inaposhindwa au kushinda, kwa hiyo usiipite haraka.

Kama una fleti ya kununua. Mikataba mingi ya pango ina majedwali nyuma. Tafuta kwanza maelezo ya "Demised Premises", yaani vitu ulivyopewa kuwa vyako. Nafasi ya gari ikitajwa humo, na kuchorwa kwenye ramani ya mkataba, ni sehemu ya nyumba yako kama ilivyo sebule. Kisha tafuta jedwali la haki, ambamo huwa na maneno kama haki ya pekee ya kuegesha gari moja katika nafasi namba fulani. Hii si umiliki, lakini ni haki kamili.

Halafu soma masharti. Unatafuta mambo mawili: je, kuna neno lolote linalokutaka uoneshe kibali, na je, kuna neno lolote linalosema utalipa pesa kwa mtu wa tatu usipoonesha? Kwa kawaida hakuna lolote kati ya hayo.

Sasa tafuta kifungu hatari. Mikataba mingi humtaka mwenye fleti afuate kanuni ambazo mwenye jengo ataziweka mara kwa mara kwa ajili ya usimamizi mzuri. Kampuni itakishika kifungu hiki kwa mikono miwili. Jibu lake lina sehemu tatu. Kanuni lazima itolewe na yule aliyetajwa kwenye mkataba, kwa njia iliyotajwa, na barua ya kampuni ya maegesho haitoshi. Kanuni ya usimamizi inaweza kupanga namna ya kutumia haki, lakini haiwezi kuinyang'anya. Na hata ikiwepo kanuni halali, kuivunja kunakufanya uwajibike kwa mwenye jengo; hakumpi mtu wa tatu pauni 100. Lakini ukikuta mwenye jengo alitoa notisi rasmi ya kanuni inayotaja vibali, jua kwamba kesi yako imedhoofika, na hoja za tarehe na mabango zitabidi zibebe mzigo zaidi.

Kuubadilisha mkataba wenyewe si jambo la kikao kimoja cha wakala. Chini ya kifungu cha 37 cha Landlord and Tenant Act 1987, kwa majengo yenye mikataba zaidi ya 8, panahitajika angalau asilimia 75 ya wahusika wakubali na wasizidi asilimia 10 wanaopinga, kisha ombi liende kwa baraza linalosikiliza mambo ya nyumba. Muulize wakala kama hilo lilifanyika. Mara nyingi jibu ni kimya.

Kama una nyumba kamili kwenye mtaa mpya. Weka ramani ya HM Land Registry mezani na ufuate mstari mwekundu. Sehemu yako ya kuegesha ikiwa ndani ya mstari huo, ardhi ni yako, na hakuna aliyeipa kampuni ruhusa ya kutoa tozo juu yake. Gurudumu likitoka nje ya mstari hadi barabara ya mtaa, mambo hubadilika. Soma TP1 uone haki za kupita na kusimama. Kumbuka ramani hizi huonesha mipaka ya jumla, kwa hiyo usijenge kesi juu ya sentimita 30.

Kama wewe ni mpangaji. Haki yako inatoka kwa mwenye nyumba wako. Mkataba wako ukitaja nafasi, au ukisema unapangishwa fleti pamoja na maegesho, omba kwake nakala ya mkataba wake wa pango la muda mrefu, maana hawezi kukupa zaidi ya alichonacho. Mkataba wako ukiwa kimya kabisa, kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa vyama vya nyumba, tafuta tangazo la kupangisha au barua pepe iliyokuahidi nafasi. Pasipo chochote, hoja ya hati haipo, na ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko mbele ya jaji.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kuandika kwenye mstari mmoja namba ya kifungu, ukurasa, na maneno yenyewe yanayokupa nafasi.

## Hatua ya 4: Hesabu siku, na usimtaje dereva

Kampuni inaanza ikiwa haijui nani aliendesha. Inachojua ni mwenye gari aliyesajiliwa. Jedwali la 4 la sheria ile ya 2012 linairuhusu kumdai mwenye gari badala ya dereva, ila tu ikifuata masharti yake yote. Ukiandika "niliegesha", umeiondolea kazi hiyo.

Kisheria hulazimiki kuiambia kampuni binafsi nani alikuwa dereva. Andika daima kama mwenye gari: "gari liliegeshwa", "dereva alitoka". Lakini usidanganye. Kukataa kujibu ni haki yako. Kusema uongo kwenye karatasi ya mahakama yenye kiapo cha ukweli ni kosa, na jaji akikuuliza ana kwa ana, utajibu kweli.

Kama notisi ilikuja kwa posta bila karatasi kwenye kioo, lazima ikufikie ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata ile ya kuegesha. Barua huhesabiwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa.

Chukua mfano wa gari lililopigwa picha Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Siku ya kwanza ni tarehe 4, ya mwisho ni tarehe 17. Barua iliyotumwa Alhamisi tarehe 13 inahesabiwa imefika Jumatatu tarehe 17: imewahi. Iliyotumwa Ijumaa tarehe 14 inahesabiwa imefika Jumanne tarehe 18: imechelewa, na mwenye gari hadaiwi chini ya jedwali hilo. Siku moja tu. Ndiyo sababu ya kutunza bahasha.

Kama karatasi iliwekwa kwenye kioo cha mbele, barua kwa mwenye gari inapaswa kufika baada ya siku 28 za kwanza kuisha, na ndani ya siku 28 zinazofuata. Hapa inafaa rufaa itumwe karibu na siku ya 26, wala si siku ya pili, kwa sababu kampuni iliyokwisha kuzoea kupokea maungamo ya madereva husahau kutuma barua ya pili.

## Hatua ya 5: Andika rufaa kwa kampuni

Una siku 28. Barua iandikwe kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, ipitie tovuti yao, na uhifadhi picha ya skrini ya uthibitisho. Yaliyomo ni haya, kwa mpangilio huu:

1. Namba ya tozo, namba ya gari, na kwamba unaandika kama mwenye gari aliyesajiliwa.
2. Kwamba nafasi husika imetolewa na mkataba wa tarehe fulani, kifungu fulani, na maneno yake yamenukuliwa.
3. Kwamba mkataba huo hauna sharti la kibali wala malipo, na hujaubadilisha.
4. Kwamba unataka nakala ya mkataba kati yao na mwenye ardhi, unaoonesha mipaka na ruhusa ya kushtaki kwa jina lao.
5. Kama notisi imechelewa, tarehe zake.
6. Kwamba wafute tozo, au watoe namba ya rufaa huru.

Ambatanisha ukurasa wa mkataba wenye kifungu, ukifunika bei na saini. Usiombe huruma, usieleze mtoto aliumwa, usiseme kibali kilianguka. Kila maelezo ya kwa nini kibali hakikuonekana yanakiri kwamba kilihitajika.

Kanuni ya pamoja ya BPA na IPC, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, inaweka ukomo wa tozo kuwa pauni 100, na punguzo la asilimia 40 kwa anayelipa ndani ya siku 14. Pauni 60 hizo ndizo chambo. Ukilipa, dai limekwisha na huna pa kurudi.

## Hatua ya 6: Mwandikie wakala wa jengo siku hiyo hiyo

Kampuni ya maegesho iliajiriwa na mtu. Mtu huyo anaweza kuiambia ifute, na mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mwandikie wakala, na nakala kwa mwenye jengo mwenyewe, ukisema kwamba mkataba unakupa nafasi na matumizi yake kwa utulivu, na kwamba mtu waliyemleta anakuingilia. Mahakama ya Rufaa ilishughulikia jambo linalokaribiana na hili mwaka 2001 katika Saeed v Plustrade, ambapo mwenye jengo alipunguza nafasi za wakazi kutoka 13 hadi 4, ikaonekana ameingilia haki aliyoitoa mwenyewe. Omba mambo mawili: tozo hii ifutwe, na namba ya gari lako iwekwe kwenye orodha ya magari yasiyotozwa. Ukipata la pili, umemaliza tatizo la mwakani pia.

Onyo: wakala akikuletea fomu mpya ya "mpango wa maegesho" uisaini ili upate kibali, isome kabla. Fomu hiyo inaweza kuwa ndiyo mkataba ambao hawakuwa nao. Ukikipokea kibali, andika kwamba unakitumia kwa hisani bila kubadili haki zako za mkataba.

## Hatua ya 7: Rufaa huru

Kampuni ikikataa rufaa yako, unaweza kwenda kwa chombo cha rufaa kilicho nje yake: wanachama wa BPA hukupeleka POPLA, wa IPC hukupeleka IAS. Tarehe ya mwisho ipo kwenye barua ya kukataliwa. Iandike kwenye kalenda siku unapoipokea.

POPLA ni bure, na ukishinda kampuni inafungwa na uamuzi. Ukishindwa, wewe hufungwi. Weka hoja zako chini ya vichwa tofauti: hati ya nyumba, tarehe za notisi, mkataba wa mwenye ardhi, mabango. Kampuni ikileta ushahidi wake utapewa siku chache za kuujibu. Usiziache zipite, kwa sababu mkataba wao na mwenye ardhi huja ukiwa umefutwafutwa wino mweusi, au umeisha muda, au umesainiwa na wakala asiyetajwa kwenye hati yako, na mkaguzi hatasema hivyo usiposema wewe.

IAS haina sifa nzuri kwa wakazi, wala usiitegemee sana. Ukienda huko, tuma hoja ya hati tu na ushahidi wake. Kushindwa huko hakumzuii jaji kukupa haki.

## Hatua ya 8: Barua za wakusanya madeni

Zitakuja nyingi, zenye wino mwekundu na maneno makali. Pauni 100 inageuka 170. Mkusanya madeni si mahakama na hana mamlaka ya kuja kuchukua mali.

Hizi huna haja ya kuzijibu, ila zitunze. Kazi ya maana hapa ni moja: anwani. Ukihama, badilisha V5C, kisha iandikie kampuni anwani yako mpya ya kupokelea nyaraka. Hukumu nyingi za upande mmoja hutoka kwa sababu karatasi zilikwenda kwenye nyumba ya zamani. Anayekwenda nyumbani Dar au Mombasa kwa wiki 6 za Desemba amwachie mtu ufunguo, amfungulie barua na kumtumia picha kwa WhatsApp. Muda wa mahakama haumsubiri msafiri.

## Hatua ya 9: Barua ya kabla ya mashtaka

Hii huja kwa kichwa cha Letter Before Claim au Letter of Claim, ikitoa siku 30 na fomu ya majibu. Hii ijibu. Jibu kwa barua pepe, ukirudia hoja ya hati, ukiambatanisha kurasa zilezile, na kukana deni lote.

Wakati huohuo peleka ombi la kupata taarifa zako zote kwa afisa wa data wa kampuni ya maegesho. Wana mwezi 1 wa kujibu bila malipo. Utapata picha zote, rekodi za barua na saa kamili. Saa hizo huwa na thamani: katika Jopson v Homeguard, mwaka 2016, jaji wa rufaa katika Mahakama ya Kaunti ya Oxford alikataa dai dhidi ya mkazi aliyesimamisha gari mlangoni mwa jengo kushusha samani. Alisema kusimama kwa muda mfupi kushusha mzigo si kuegesha, na kwamba kampuni haiwezi kubadili kwa mabango haki zilizo kwenye mkataba wa pango.

## Hatua ya 10: Fomu ya madai ya mahakama

Inatoka kituo cha mahakama cha Northampton, ina namba ya dai na nywila ya kuingia mtandaoni. Kwa kawaida itadai pauni 100 za tozo, 70 za ukusanyaji, 35 za ada ya mahakama na 50 za wakili: jumla 255, pamoja na riba.

Tarehe zinahesabiwa hivi. Fomu iliyotolewa tarehe 3 Machi inahesabiwa imekufikia siku 5 baadaye, tarehe 8. Mwisho wa kukiri kwamba umeipokea fomu (si kukiri deni) ni siku 14 baada ya hapo, tarehe 22 Machi. Ukikiri kwa wakati, utetezi una siku 28 tangu tarehe 8, yaani hadi 5 Aprili, kabla ya saa 10 jioni. Usingoje siku ya mwisho. Kama inaangukia wikendi, tuma Ijumaa.

Kwenye kukiri, chagua kwamba utatetea dai lote. Usiweke alama kwenye kisanduku cha kupinga mamlaka ya mahakama, na usiandike neno kwenye sehemu ya utetezi siku hiyo. Wengi huandika sentensi mbili za hasira hapo, zikahesabiwa kuwa ndio utetezi wao mzima.

Utetezi wenyewe uwe aya zenye namba, kwa lugha tulivu:

- Kukubali kwamba wewe ni mwenye gari, na kutokubali usichokijua.
- Hati ya nyumba na kifungu chake. Hii ndiyo aya ndefu kuliko zote.
- Kwamba bango halikuweza kuunda mkataba mpya, kwa kuwa halikukupa kitu ambacho hukuwa nacho tayari.
- Kwamba kesi ya ParkingEye v Beavis haiwafai. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali tozo ya pauni 85 kwa dereva aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya bure ya maduka huko Chelmsford, kwa sababu wenye maduka walihitaji nafasi zizunguke. Nafasi iliyotengewa fleti moja haina mzunguko wowote wa kulindwa.
- Kwamba pauni 70 za nyongeza hazidaiki kwa mwenye gari, kwani aya ya 4(5) ya jedwali la 4 inaweka ukomo kuwa kiasi kilichotajwa kwenye notisi.

Kisha itakuja fomu N180, yenye maswali ya mahakama kuhusu namna kesi itakavyoendeshwa. Chagua mahakama ya karibu nawe; kwa mtu binafsi kesi huletwa kwake. Tangu tarehe 22 Mei 2024, madai madogo ya pesa hupitia usuluhishi wa lazima kwa simu, unaochukua muda wa kama saa moja. Shiriki, kwa sababu kutoshiriki kunaweza kukugharimu, ila hakuna anayekulazimisha kutoa hata senti. Sema hati inasema nini, sema ofa yako ni sifuri, basi.

## Siku ya kusikilizwa

Amri ya mahakama itataja tarehe ya kupeleka maelezo ya shahidi, mara nyingi siku 14 kabla. Ambatanisha mkataba mzima, siyo ukurasa mmoja tena, ramani ikiwa ya rangi, picha zenye tarehe, na nakala ya uamuzi wa Jopson. Weka namba kwenye kila ukurasa. Jaji ana dakika chache, na akiambiwa "ukurasa wa 14, kifungu cha 3" atakwenda nawe.

Baadhi ya kampuni hujitoa karibu na siku ya kulipia ada ya usikilizwaji. Zisipojitoa, wakili wao mara nyingi ni wa kukodiwa siku hiyo, ambaye hajawahi kuuona mtaa wenu. Muulize jaji amwambie akuoneshe ni kifungu gani cha mkataba wako kinachotaka kibali.

Ukishinda, omba gharama palepale: nauli, na mshahara uliopotea hadi pauni 95 kwa siku, ukiwa na barua ya mwajiri. Ukishindwa, lipa yote ndani ya mwezi 1 na hukumu inafutwa kwenye rejista, kana kwamba haikuwepo.

## Kama hukumu ilishatolewa bila wewe

Hukumu isiyolipwa hukaa kwenye rejista miaka 6 na huharibu mkopo wa nyumba, upangaji, hata mkataba wa simu. Wanaoomba uraia wa Uingereza wazingatie pia kwamba fomu huuliza kuhusu hukumu za madai.

Dawa ni fomu N244 ya kuomba hukumu itenguliwe. Ada yake imezidi pauni 300, ila mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada kwa fomu EX160. Unahitaji kuonesha kwamba fomu ya madai ilikwenda anwani isiyo yako, kwa bili ya maji, mkataba wa upangaji na tarehe ya kodi ya halmashauri, na kwamba una utetezi wa kweli, yaani hati ileile ya nyumba. Ipeleke ndani ya siku chache tangu ulipogundua, kwa sababu jaji atauliza kwanza ulijua lini. Ofisi za Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, husaidia kuijaza bila malipo. Nenda na karatasi zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.